Sura ya Saba: Ishirini Inayosomeka Hamsini

"Mjomba, mbona tunakwenda ishirini?"

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo alikuwa amepewa heshima ya kukaa kiti cha mbele. Tulikuwa tumeshaiacha Kibaha, tunaelekea Chalinze. Alikuwa akikikodolea macho kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kilicholala juu ya dashibodi mbele ya usukani. Na kweli, kwa tarakimu za kijani zinazong'aa, kidude kilikuwa kimeandika 20. Mimi nilikuwa nasoma kitu kingine kabisa. Kwenye kioo cha mbele, juu kidogo ya ukingo wa boneti, palikuwa pameelea 50.

Nilimwambia ainamishe kichwa upande wangu aangalie kioo, si kidude. Akaangalia. Akakitazama tena kidude, akarudi kwenye kioo. "Kumbe kinaandika kichwa chini!"

Ndivyo kilivyo. Chukua tano ya kikokotoo, ile ya vijiti saba, uigeuze kama chapati kikaangoni: cha juu kiende chini, cha kushoto kibaki kushoto. Utapata mbili. Sifuri ukiigeuza inabaki sifuri, nane inabaki nane, tatu inabaki tatu. Kwa hiyo gari likienda 80, aliye pembeni na dereva wanasoma namba ileile na hakuna anayeuliza. Likienda 50, mmoja anasoma ishirini na mwingine hamsini. Kidude kinaandika kinyume makusudi, ili kioo kikigeuza tena, dereva asome sawasawa.

Nimeanzia kwenye ishirini hiyo kwa sababu sura hii nzima imo humo. Namba ya mwendo ni habari, na habari huulizwa chanzo: imetoka wapi, imepita kwa nani, na imechelewa kiasi gani kabla ya kukufikia. Madukani kifaa hiki kinauzwa kwa jina la HUD, herufi tatu zilizoandikwa kwenye boksi. Mimi nitakiita spidi ya kioo, maana ndicho kinachofanya.

Mshale ulio katikati

Gari lenyewe ni Toyota IST, lile ambalo ukisimama dakika mbili kwenye kituo chochote cha daladala Dar es Salaam utaliona mara kumi. Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 2002, na wengi wetu tumelipokea likiwa tayari limemzeesha mwenyewe wa kwanza. Ni gari jepesi, halina makuu, na vipuri vyake havikutafutishi. Lakini lina tabia moja inayomsumbua anayelizoea kutoka gari jingine: saa ya spidi haiko nyuma ya usukani. Iko katikati ya dashibodi, kati ya dereva na abiria. Abiria wa mbele anaujua mwendo wako sawa na unavyoujua wewe, na sina shaka ndoa kadhaa zimewahi kupata mtikisiko kwa sababu hiyo.

Toyota haikuwa ya kwanza. Mini ya Uingereza, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuingia sokoni mwaka 1959, ilikuwa na saa moja kubwa katikati. Sababu ya kwanza ni ya kiwandani: dashibodi yenye saa katikati ni rahisi kuitumia kwa nchi zinazoendesha kulia na zinazoendesha kushoto. Sababu ya pili ni ya macho. Saa ikiwa mbali kidogo na uso, jicho lililokuwa linatazama barabara halihitaji kujikaza sana kuisoma. Hoja hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo kila anapotaka kujua mwendo, jicho linaondoka mbele na kwenda kushoto, kisha linarudi.

Safari hiyo ya jicho ina nauli yake. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula meta 13.9 kila sekunde. IST ina urefu usiofika meta nne, kwa hiyo sekunde moja ya kutazama mshale ni sawa na kuzipita IST tatu na nusu zilizopangwa foleni, huku huoni. Kwa kilomita 80, ni meta 22.2. Anayevuka barabara akiwa na ndoo kichwani hahitaji zaidi ya hizo kuingia mbele yako.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyesafiri barabara kuu analijua mwilini hata kama hajawahi kulisema. Ukishakwenda mwendo mkali kwa saa moja, kisha ukapunguza kuingia kijijini, mwili unakudanganya. Sabini inaonekana kama kutembea. Unajiona mpole kabisa, na ndipo trafiki anapojitokeza kwenye kivuli cha mwembe na tochi ya kupimia mwendo mkononi. Nimelipa shilingi 30,000 zaidi ya mara moja nikiwa naapa kwa dhati kwamba nilikuwa nakwenda taratibu. Sikuwa naongopa. Nilikuwa nimeyaamini masikio na makalio yangu badala ya mshale.

Kutoka kwenye ndege za vita

Wazo la kumwekea mtu habari juu ya kile anachokitazama ni la zamani kuliko magari mengi. Mwaka 1900, Howard Grubb wa Dublin, fundi wa darubini, alibuni kilenga shabaha cha kioo: alama ya mwanga inaakisiwa kwenye kioo kinachopenyeza, na mlengaji anaiona ikielea juu ya shabaha yenyewe. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za kivita walikuwa wakilenga kwa vioo vya namna hiyo. Baadaye alama ikaongezewa mwendo, kimo na mwelekeo. Ndege ya Uingereza Blackburn Buccaneer, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ni miongoni mwa za mwanzo kuwa na kifaa hicho kikiwa sehemu ya kazi ya kila siku.

Kushuka kwake barabarani kulipitia mlango wa biashara. General Motors ya Marekani iliinunua kampuni ya Hughes Aircraft mwaka 1985, na pamoja nayo ujuzi wa vyombo vya ndege. Mwaka 1988 ikatoa Oldsmobile Cutlass Supreme chache zenye spidi kwenye kioo, zikihusishwa na mbio za Indianapolis. Nissan nayo ikafanya hivyo Japani kwenye kipindi hichohicho. Leo magari mengi ya bei kubwa huzaliwa nacho.

Hapa ndipo mnunuzi wa kidude cha dukani anapaswa kuwa mwangalifu, maana jina ni moja lakini kazi ni mbili. Katika ndege, mwanga unapitishwa kwenye lenzi ili jicho liuone kana kwamba unatoka mbali kabisa, huko huko liliko anga. Katika gari lililotoka nacho kiwandani, ndani ya dashibodi kuna vioo vilivyopinda vinavyoisukuma picha mpaka ionekane meta mbili au zaidi mbele, karibu na ncha ya boneti. Hata kioo chenyewe cha mbele kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kioo cha mbele cha gari lolote ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Kwenye magari hayo utando umefanywa mwembamba chini na mnene juu ili picha mbili, ya uso wa ndani na ya uso wa nje, zilaliane zionekane moja.

Kidude changu hakina lolote kati ya hayo. Ni taa zilizolala chali, basi. Kioo kinafanya kazi ya kioo cha kujitazamia, na sheria ya kioo cha kujitazamia ni ileile tuliyofundishwa shuleni: picha inakaa nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kipo mbele yake. Kidude kikiwa sentimeta ishirini kutoka kwenye kioo, namba inaonekana sentimeta ishirini nje ya kioo. Jicho lililokuwa linatazama lori lililo mbele meta mia bado linapaswa kurudi karibu ili lisome. Linachookoa ni kugeuka kushoto na kuinama. Hicho si kidogo, lakini si kile kinachotangazwa kwenye boksi.

Lugha ambayo gari halisemi

Cha kwanza nilichonunua, Kariakoo, kilikuwa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile iliyo chini ya usukani ambayo mafundi huchomeka mashine ya kupimia gari. Bei yake ilikuwa kama ya faini mbili za tochi, nikajiambia kwamba kitajilipa chenyewe.

Soketi hiyo ina pini 16. Marekani iliilazimisha kwa magari yote mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, lengo likiwa kudhibiti moshi. Ndani yake kuna mazungumzo mafupi. Kifaa kinauliza kompyuta ya injini: mwendo gani sasa? Kompyuta inajibu kwa namba moja kati ya 0 na 255, tayari ikiwa kilomita kwa saa. Kinauliza tena, inajibu tena, mara kadhaa kila sekunde. Kwa kuwa jibu linatoka ndani ya gari lenyewe, halihitaji mtandao wala anga.

Fundi umeme wangu alikichomeka, akawasha gari. Kidude kikawaka, kikapiga mlio, kikaandika 14.1. Nikafurahi. Tukazunguka mtaa mzima. Kikabaki 14.1.

"Hiyo ni chaji ya betri, kaka," akasema. "Umeme unaingia, ila gari haijibu. Hii ni Mjapani wa kwao. Soketi ni hiyohiyo, lugha siyo."

Alikuwa sahihi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi ya umbo lilelile, lakini kompyuta zake hazifuati utaratibu uleule wa kuulizana na kujibizana. Mashine kubwa ya fundi inaijua lahaja hiyo. Kidude cha dukani hakiijui. Anayetaka cha OBD asikubali kulipa kabla hakijachomekwa kwenye gari lake na gari likatembea hata meta hamsini.

Somo la pili nililipata kwa uvivu wangu. Nilikiacha kimechomekwa, nikasema nitakitoa kesho, kisha nikaenda Tanga kwa basi wiki mbili. Pini ya 16 ya soketi hiyo ina umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kifaa kisichojua kulala kikinyonya miliampia 100 tu, kwa siku kinamaliza ampia-saa 2.4, na kwa siku kumi na nne zinapita 33. Betri ya gari dogo ina kama 35. Nilirudi, nikapiga ufunguo, gari likaniitikia kwa "tik" moja. Nikaazima moto kwa jirani.

Kidude cha pili, hiki alichokishangaa mpwa wangu, hakiulizi gari chochote. Kinauliza satelaiti. Za GPS ziko angani kiasi cha kilomita 20,200, na kifaa hupima jinsi mawimbi yake yanavyobadilika kwa sababu gari linatembea, kama vile unavyosikia honi ya basi ikiwa nyembamba linapokujia na ikawa nzito likishakupita. Kutokana na badiliko hilo kinapata mwendo. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia. Tangu ilipoacha, simu za mkononi zenye GPS zimepata usahihi ambao zamani ulikuwa wa wanajeshi.

Cha satelaiti kinafanya kazi kwenye gari lolote, hata lori la miaka ya sabini au bajaji. Kinahitaji umeme mdogo tu. Udhaifu wake ni anga: ukiwa kwenye maegesho ya chini ya ghorofa kinapotea, na asubuhi kinachukua muda kabla ya kuamka vizuri. Tena kinachelewa kidogo. Ukikanyaga breki ghafla kwa ajili ya tuta, kioo bado kinasema 50 wakati gari limeshafika 40. Kwa mwendo wa kutulia hakuna tatizo. Kwa kuamua kama utaliwahi tuta, usikitegemee.

Mchana mmoja na utepe wa gundi

Kazi ya kukifunga haihitaji fundi, inahitaji subira. Nitaieleza kama nilivyoifanya, pamoja na makosa.

Anza jioni, giza likiingia. Washa kidude, kishike kwa mkono juu ya dashibodi, ukae kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, si kama unavyokaa ukipigwa picha. Sogeza taratibu mpaka namba itue chini ya mstari wa barabara, juu kidogo ya boneti. Ikitua katikati ya barabara, umekosea: hapo ndipo pa mtoto, mbuzi na bodaboda. Weka alama kwa utepe wa karatasi.

Sasa utaona jambo litakalokukera: namba ni mbili. Moja imekolea, nyingine hafifu, imepanda juu kidogo kama kivuli. Ni zile nyuso mbili za kioo nilizozitaja, ya ndani na ya nje, kila moja ikirudisha mwanga wake. Ndiyo maana kwenye boksi kuna kipande cha plastiki chenye rangi ya moshi. Kinabandikwa ndani ya kioo mahali pale pale namba inapotua, kinaakisi kwa nguvu kuliko kioo, na kivuli kinamezwa.

Kubandika plastiki hiyo ndiko kulikonitoa jasho. Safisha kioo kwa maji ya sabuni, si kwa kitambaa kikavu chenye vumbi la wiki nzima. Kiache kioo na maji, bandua karatasi ya nyuma ya plastiki, iweke, kisha isukume kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyofungwa kitambaa. Cha kwanza nilikibandika kikavu, mchana, kwa haraka. Kikaota mapovu kama maandazi, na kila nilipolikimbiza povu moja likahamia jirani. Nikakibandua, nikakiharibu. Kwa bahati boksi lilikuwa na kipande cha akiba.

Waya niliupitisha kwenye ukingo wa mlango, chini ya mpira, ukashuka mpaka kwenye kichomeo cha sigara. Kichomeo hicho huzima gari likizimwa, kwa hiyo yaliyonipata na betri hayawezi kujirudia. Wapo wanaotaka waya usionekane, wakachukua umeme kwenye boksi la fyuzi. Kama ni wewe, mpe fundi umeme, na mwambie achague fyuzi inayokufa ufunguo ukitolewa. Jambo moja si la mjadala: usibandike kidude wala kupitisha waya juu ya mfuniko wa eabegi, iwe ya abiria au ya kwenye nguzo ya pembeni. Eabegi ikifumuka, chochote kilicho juu yake kinageuka jiwe la manati.

Mambo mawili ya mwisho ni ya jua. Gundi ya pande mbili inayokuja na kidude haikutengenezewa gari linaloegeshwa Posta saa sita mchana. Ikilainika, kidude kitateleza kwenye kona ya kwanza. Nilitafuta mkeka wa mpira unaong'ang'ania. Na kama unavaa miwani ya jua inayochuja mwako, usishangae namba ikififia au kutoweka. Mwanga unaoakisiwa na kioo kilicholala mshazari huwa umelala upande mmoja, na miwani hiyo imetengenezwa kuuzuia mwanga wa namna hiyohiyo. Kifaa hakijaharibika. Vua miwani uone.

Namba ipi ya kweli?

Siku ya kwanza ya kuendesha nacho, mshale wa katikati ulisema 50 na kioo kikasema 46. Nilidhani nimeuziwa kimeo cha pili. Haikuwa hivyo. Saa za spidi hutengenezwa zikiwa na upendeleo: Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wa nchi nyingi, inakataza mshale kusema chini ya mwendo halisi hata kidogo, lakini inauruhusu kusema juu yake kwa sehemu moja ya kumi na kuongeza kilomita nne. Gari likiwa linakwenda 50 halisi, mshale unaruhusiwa kusema popote kuanzia 50 hadi 59. Likiwa 80 halisi, hadi 92. Mshale wangu ulikuwa unaongeza chumvi kwa ruhusa.

Unaweza kuhakiki bila kifaa chochote. Tafuta nguzo za kilomita kwenye barabara kuu iliyonyooka, shika mwendo mmoja, na abiria ahesabu muda kwa simu. Kwa 50 halisi, kila kilomita inachukua sekunde 72. Kwa 80, sekunde 45. Nguzo zikiwa kilomita tano mbalimbali, zidisha kwa tano. Jibu litakuwa sahihi zaidi. Mpwa wangu alihesabu, na kioo kikashinda.

Tairi nazo zina la kusema. Gari lililotoka na tairi za 175/65 R14, kipenyo chake kama milimeta 583, ukilivisha 185/65 R15 zenye milimeta 622, kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 7. Mshale haujui. Ukisema 50 wakati zamani ulikuwa na maana ya 46, sasa maana yake ni 49. Ile akiba uliyopewa na kiwanda imeliwa na fundi wa rimu.

Na hapa kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Ule uongo wa mshale ulikuwa unamlinda dereva. Anayeheshimu mshale kwa 50 alikuwa anapita kijijini kwa 46. Akishapata spidi ya kioo inayosema ukweli, anagundua ana kilomita nne za bure, na wengi tunazichukua siku hiyohiyo. Mimi nilizichukua. Kifaa nilichonunua ili nipunguze mwendo kilinifanya, kwa wiki mbili za kwanza, niende kasi zaidi kuliko zamani.

Jicho linalotazama bila kuona

Kuna hatari nyingine iliyo nzito zaidi. Mwaka 1980, NASA ilichapisha matokeo ya majaribio ya marubani waliokuwa wakitua kwa chombo cha kuigiza ndege, wakiwa na maelezo mbele ya macho kwenye kioo. Katika mara mojawapo ya kutua, watafiti waliweka ndege nyingine imekatiza njia ya kurukia, mbele kabisa. Baadhi ya marubani hawakuiona. Macho yao yalikuwa yanatazama palepale ilipo ndege, lakini akili ilikuwa imeshikwa na namba.

Kwa hiyo kupandisha namba kwenye kioo hakumaanishi kwamba sasa unaona barabara na namba pamoja. Unaona kimoja, kisha kingine, ila sasa hujui ni lini umehama. Vidude vingi huja na uwezo wa kuonesha mizunguko ya injini, chaji, joto la maji, saa, dira na hata idadi ya satelaiti. Vizime vyote. Bakiza mwendo peke yake, tarakimu mbili tu. Punguza mwanga usiku mpaka namba iwe hafifu kiasi kwamba unaitafuta, isikutafute. Weka kengele moja: 50. Kengele ikilia, huna haja ya kusoma chochote, unajua la kufanya.

Wenzetu wa Kenya walijaribu njia nyingine kwa matatu. Kanuni zilizopachikwa jina la waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zililazimisha vidhibiti mwendo vinavyozuia gari kupita 80. Kidhibiti kinamshika dereva mkono. Spidi ya kioo haimshiki mtu. Inamwambia tu, kisha inamwachia mguu wake. Ndiyo maana thamani yake haiwezi kuzidi nia ya aliyeinunua.

Na nia hiyo ina uzito wa kupimika. Shirika la Afya Duniani linasema kila asilimia moja inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani inaongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4, na kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa kwa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya aliyegongwa kwa 50. Kilomita kumi na tano tu, zile ambazo mwili wangu ulikuwa unaziita taratibu.

Kidude kilipokufa

Kiliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Jua lilikipika, siku moja kijiti cha juu kikagoma kuwaka, saba zikawa moja, na wiki iliyofuata kikazima kabisa. Nilikuwa tayari kwenda kununua kingine, lakini safari ya Morogoro ikaingilia kati, nikaenda hivyohivyo.

Kibao cha kwanza cha 50 kilipotokea, nikaachia mafuta, nikasikiliza injini ikishuka, nikashika ile sauti niliyokuwa nimeisikia kila siku chini ya namba ya kijani. Ndipo nikatupa jicho kushoto kwenye mshale. Ulikuwa kati ya 52 na 54, yaani kwa gari langu chini ya 50 kidogo. Kijiji cha pili, vivyo hivyo. Mguu ulikuwa umejifunza, na mwalimu alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari dogo ni huu. Kama mshale wako uko pabaya, au umepigwa tochi mara mbili ukiwa unajiona mpole, nunua cha satelaiti, kifunge chini ya mstari wa barabara, zima kila kitu isipokuwa mwendo, weka kengele ya 50, na zile kilomita nne za bure usiziguse. Kikifa, endesha wiki nzima bila hicho kabla ya kutoa fedha tena. Ukiona bado unabahatisha, nunua kingine. Ukiona mguu unajua, fedha hiyo nunulia tairi.